Notisi ya deni langu ilienda kwa simu ya mwizi

Kwa Mhariri,

Kuna barua ya msomaji mmoja mlichapisha juzi juzi, siku yenyewe sikumbuki manake gazeti nilifungiwa samosa nalo, lakini ule ukurasa wa barua ulikua mzima nikausoma wote nikiwa kwa meza ya kukatia vitambaa. Huyo ndugu alisema watu wanaolia na CRB, zile ofisi zinazoweka rekodi za nani amelipa mkopo na nani hajalipa, ni watu wa madeni, walikopa, pesa wakazila, wakasahau, sasa wakinyimwa mkopo wanapiga kelele, na mtu asiyekopa kwa simu hana haja hata ya kujua hiyo CRB iko mlango gani. Akamaliza ati msiba wa kujitakia hauna kilio. Samosa zilishuka, hiyo barua ikakwama hapa kooni mpaka leo.

Mimi ni fundi cherehani, niko Mtwapa, nashona sare za shule na madera na marinda ya harusi yakipatikana, na kwa simu sijawahi kukopa hata shilingi mia. Sio ati ni ujanja, ni uoga tu, nilimwona jirani yangu akipigiwa simu saa kumi na moja alfajiri na watu wa apu za mikopo wakimtukania mama yake, nikasema mimi hapana. Nikitaka pesa nina Sacco yetu na nina chama cha akina mama, basi. Kwa hivyo kwa hesabu ya huyo ndugu mimi ndo yule mtu asiyehusika kabisa.

Novemba 2023 nikaenda kwa Sacco kuomba 120,000 ninunue ovaloki, ile mashine ya kumalizia pindo, na cherehani moja ya umeme. Wanaojua kazi hii wanaelewa, shule zikikaribia kufungua Januari mwenye ovaloki ndo anapewa oda ya shule nzima na sisi wengine tunabaki kupunguza sketi na kutia zipu. Nina akiba ya miaka sita pale. Wadhamini wangu wawili nilikua nimewaleta wako nje kwa benchi, mmoja ni jirani yangu mlango kwa mlango. Kijana wa mikopo, kijana mzuri tu mwenye adabu, akabonyeza bonyeza komputa yake alafu akanyamaza, alafu akaniambia kwa sauti ya chini, “Mama, hapa kuna shida kidogo.” Akanigeuzia ile skrini. Jina langu, majina yote matatu, namba ya kitambulisho changu, na chini yake mikopo miwili ya simu, mmoja 4,500 na mwingine 6,000, yote haijalipwa, na kwa riba na faini imefika 13,870.

Mmoja ulichukuliwa siku ambayo mimi nilikua Kaloleni kwa mazishi ya shangazi yangu, na simu yangu ilizima chaji tangu asubuhi ikabaki hivyo hadi kesho yake. Nikamwambia yule kijana, mwanangu, mimi hii sijachukua. Akanitazama na nilijua anavyofikiria, manake kila anayekaa kile kiti husema hivyo hivyo. Kilichoniuma zaidi sio mkopo, ni kutoka nje na kuwaambia wale wadhamini kwa benchi kwamba turudini nyumbani. Yule jirani hakuuliza kitu njia nzima, na kutouliza kwake ndo kulikua kubaya.

Sasa nieleze ilivyokua, manake mimi mwenyewe sikuelewa hadi mpwa wangu anayefanya kazi saiba, duka la komputa na intaneti, alinikalisha chini. Akaniambia shangazi bonyeza *106#, hiyo ni ya bure, inakuonyesha laini ngapi zimesajiliwa na kitambulisho chako kwa mtandao huo. Nikabonyeza. Mimi ninajua laini mbili, yangu ya kazi na ile ya zamani nilimpa mwanangu wa kiume. Zikatoka nne. Hizo mbili sijawahi kuziona na macho yangu.

Nikakaa nikafikiria, nikakumbuka. Ile 2022 si mnakumbuka Mamlaka ya Mawasiliano ilisema kila mtu ahakikishe laini yake imesajiliwa vizuri, mwisho ukawa Aprili 15 watu wakajaza foleni mpaka nje, alafu ukasongezwa hadi Oktoba 15. Mimi foleni iliponishinda nilienda kwa wale vijana wa mwavuli wanaosajili laini pale steji. Kijana akapiga picha kitambulisho mbele, akapiga nyuma, akanipiga na mimi sura. Alafu akasema mama picha haijatoka vizuri, jua linapiga, turudie. Tukarudia. Akasema mtandao umekwama, tena mara moja. Mimi nimesimama pale na kikapu changu nacheka naye, namwambia hiyo simu yako tupa. Mpwa wangu akaniambia shangazi, mtandao haukua umekwama, kila ukirudia ni laini nyingine inasajiliwa, wanaziuza zikiwa tayari na jina la mtu. Siwezi kuapa kwamba ni yule kijana ndo alifanya, lakini mahali pengine popote sijapigwa picha mara tatu.

Na ukishakua na laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu kazi yote imeisha. Anafungua M-Pesa kwa ile laini, jina linakuja la kwangu. Anaweka apu ya mikopo, anaandika namba ya kitambulisho, ile kampuni inaangalia je jina la laini na jina la kitambulisho yanafanana? Yanafanana sana, ni mimi! Pesa inaingia, anatoa kwa wakala, laini anavunja anatupa. Hajaiba nywila yangu, hajashika simu yangu, hata hanijui nikipita karibu yake sokoni.

Sasa nataka huyo ndugu wa barua asome hapa polepole. Kanuni zinasema kabla ya kumpeleka mtu CRB na taarifa mbaya, mkopeshaji ampe notisi ya siku 30. Nilipowapigia ile kampuni (jina lake silitaji, nataka barua ichapwe) binti akaniambia mama notisi tulituma, iko kwa mfumo, na meseji za kukukumbusha tulituma kumi na kitu. Nikamwuliza mlituma kwa namba gani? Akanisomea, inaishia na 91. Ile ya mwizi. Yaani onyo langu, kumbusho langu, vitisho vyangu, vyote vilikua vinaenda kwa simu ya mtu aliyenikopea! Kama angekua na huruma pengine angenipigia kunijulisha.

Kwa hivyo nani angeniambia? Simu yangu haikulia hata mara moja. Mahali pekee penye ile habari ambapo mimi ninaweza kufika ni kwa ripoti ya CRB, na ripoti sikuwahi kuiomba kwa sababu nilikua nafikiri kama huyo ndugu, kwamba hiyo ni ya wakopaji. Mtu asiyekopa ndo yuko hatarini zaidi, manake anayekopa kila mwezi siku ile akinyimwa anajua kuna kitu, asiyekopa anaweza kukaa miaka mitatu jina lake linaoza huko na yeye anauza mboga zake kwa amani.

Kitu kingine watu wanachanganya, na mimi nilichanganya. Kuwa na jina CRB sio kosa. Tangu kanuni za 2013 benki zinapeleka taarifa nzuri na mbaya zote, ukikopa ukalipa vizuri inaandikwa pia na inakusaidia. Kwa hivyo mtu akikuambia “uko CRB” mwulize niko vipi. Kule Metropol, moja ya hizo ofisi za CRB, kwa mfano wanakupa alama kati ya 200 na 900, ukiwa chini ya 400 ndo wanakuhesabu umeshindwa kulipa. Mimi fundi nisiyekua na deni nilikua chini ya 400, kichekesho.

Na hizi kampuni za CRB ziko tatu zilizopewa leseni na Benki Kuu, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo, na kila moja ina faili yake, kwa hivyo ukiangalia moja ukakuta shwari hujamaliza. Sheria inakupa ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kwa kila mojawapo. Bure. Sikujua hilo na nina uhakika wengi hawajui, manake kuna watu hapa mjini wanalipisha akina mama mia tano kwa kuwatolea ripoti ambayo ni haki yao. Mimi nilianza na *433# ya Metropol kwa simu yangu ya kubonyeza, hiyo hata haitaki intaneti, zile nyingine mpwa wangu akanisaidia kuomba kwa emaili. Ripoti inakuja kwa Kiingereza kitupu, maneno ya benki yale, na hapo nitarudi.

Alafu ikaanza safari ya kujisafisha. Ile kampuni ya mkopo ikasema nithibitishe kwamba sikukopa. Hebu mtu aniambie, unathibitisha vipi kitu ambacho hukufanya? Aliyefanya angekua na risiti, mimi nina nini? Nikaenda polisi kuandikisha, nikapewa namba ya OB, ile ya kitabu chao cha matukio, baada ya kusubiri tangu saa tatu hadi saa saba na afisa kuniuliza mara mbili kama sio mume wangu aliyechukua. (Mume wangu alifariki 2016.) Nikaenda kwa wakili kuapa kiapo, hiyo nililipa. Nikaenda duka la simu kufunga zile laini mbili, na wakanipa chapisho la kuonyesha zilisajiliwa lini, hilo nawashauri mtu asitoke bila hilo karatasi, manake ndo lilionyesha kwamba laini inayoishia 91 ilisajiliwa dakika chache baada ya yangu kuhakikishwa pale steji, siku ile ile. Dakika chache! Hata yule binti wa kampuni nilipompelekea alinyamaza.

Pale dukani ndo nilichekea. Ili wanifungie laini iliyoibiwa kwa kitambulisho changu, wakaniomba fotokopi ya kitambulisho changu. Nikawapa, lakini mpwa wangu alikua amenifundisha, nikachukua kalamu nikachora mistari miwili ya mshazari juu ya ile kopi na katikati nikaandika kwa mkono “ni ya kufunga laini tu” na tarehe. Yule mhudumu akasema mama hiyo haitafaa, nikamwambia namba si inasomeka? Inasomeka. Ikafaa. Sasa kila kopi natoa hivyo, kwa shule, kwa chama, kwa mwenye nyumba. Hiyo kopi ikiangukia mkono mwingine angalau imeandikwa ni ya nini.

Barua nikaandika mbili, moja kwa kampuni, nyingine kwa ofisi ya CRB, nikaambatanisha OB, kiapo, na lile chapisho la laini. CRB ukipinga taarifa wanatakiwa kuweka alama kwamba kitu hiki kinabishaniwa wakati wanauliza mkopeshaji, kwa hivyo usiogope kupinga, na usikubali kitu kimoja ambacho niliambiwa na watu watano tofauti, kwamba “lipa tu mama yaishe”. Nilikaribia kulipa wallahi. 13,870 si nyingi kuliko kukosa tenda ya Januari. Lakini ukilipa umekubali deni ni lako, na taarifa ya kwamba uliwahi kushindwa inabaki pale miaka mitano tangu siku uliyomaliza kulipa, miaka mitano nimebeba kosa la mtu mwingine na nimemlipia juu. Nikakataa. Ilichukua hadi Machi ndo jina likafutwa, na ovaloki sikununua, oda ya shule ikaenda kwa fundi mwingine wa Shanzu, namjua, ni mzuri, simlaumu.

Sasa nirudi kwa kitambulisho, manake hapo ndo shina. Sisi tumezoea kutoa ile namba kama salamu. Juzi nilienda Mombasa mjini kununua vifungo, duka liko ghorofa ya pili, langoni askari ana daftari, andika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unaenda wapi, sahihi. Vifungo! Na nikiandika naona wote walioandika juu yangu. Aliye juu yangu ni mwanamke wa namba inayoanza na 23, simu yake naiona, ofisi anayoenda naiona. Ningetaka ningeondoka na ukurasa mzima kichwani, au nipige picha askari akifungua geti. Hilo daftari likijaa linaenda wapi? Mimi nimewahi kuuziwa njugu ndani ya fotokopi ya kitambulisho cha mtu, sura na namba, njugu za kumi. Njugu nikala, ile karatasi nikaichoma, lakini wangapi wanachoma? Si barua ya huyo ndugu yenyewe ilinifikia na samosa.

Na sio mambo ya laini na mikopo tu. Juni 2021 watu waliingia kwa mtandao wa msajili wa vyama vya siasa wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hata rangi yake hawaijui, mpaka Kamishna wa Data, yule anayesimamia ulinzi wa taarifa za watu, akaingilia. Mimi nilicheka wakati ule, nikasema ni siasa hizo. Sasa najua ilikua mlango ule ule, mtu ana orodha ya majina na namba za vitambulisho, basi.

Sheria tunayo, hilo nakubali. Kuna sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018, kifungu cha 29 kinasema anayetumia kitambulisho cha mwenzake kwa ulaghai ni faini hadi 200,000 au jela hadi miaka mitatu au vyote. Kuna sheria ya kulinda data ya 2019 na ofisi ya Kamishna wa Data unaweza kupeleka malalamiko bila wakili, na wana meno kidogo, Septemba 2023 walitoza shule moja faini ya 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi, na mkopeshaji mmoja wa simu karibu milioni tatu kwa kutumia namba za watu wasiohusika kudai deni. Kwa hivyo watu waende, wasikae wakisema hakuna kitakachofanyika. Na vijana wanaotafuta kazi serikalini ndo wanatakiwa waangalie mapema zaidi, manake wakiitwa wanaulizwa cheti cha CRB pamoja na cha polisi na cha KRA ya ushuru na cha HELB ya mikopo ya wanafunzi, na siku hiyo ndo unagundua una deni la apu, na mwenye kazi hasubiri hadi Machi kama mimi.

Lakini mimi kilio changu kiko kwa wakubwa, na ni kimoja tu. Kama mtandao unaweza kunionyesha kwa *106# laini zote zilizo na kitambulisho changu, basi mtandao huo unazijua hizo laini wakati wote. Kwanini siku laini mpya inaposajiliwa kwa namba yangu, zile laini zangu za zamani zisipate meseji, “laini mpya imesajiliwa kwa kitambulisho chako, kama sio wewe jibu hapana”? Ni meseji moja. Za kubeti na za bahati nasibu napata nane kwa siku. Na ile notisi ya siku 30 ya deni, kwanini iende kwa laini iliyokopa peke yake? Itumwe kwa laini zote za mwenye kitambulisho. Mwizi ana laini zake, mimi nina yangu niliyotumia miaka kumi na moja, wangenipata siku hiyo hiyo na mkopo wa pili wa 6,000 usingetoka. Benki Kuu Aprili 2020 ilisema madeni chini ya shilingi 1,000 yasipelekwe CRB, na Novemba 2022 ikaja na mpango wa kusamehe angalau nusu ya deni kwa waliokwama na mikopo ya simu, watu zaidi ya milioni 4. Kwa hivyo wakitaka kubadilisha kanuni wanaweza. Najiuliza tu kati ya wale milioni 4 wangapi walisamehewa nusu ya deni ambalo hawakukopa.

Na ile ripoti iandikwe kwa Kiswahili. Mimi nimesoma hadi darasa la nane na Kiingereza cha kuuza nguo ninacho, lakini ile karatasi ilinishinda, kuna mahali pameandikwa akaunti iko sawa na mahali haiko sawa kwa herufi mbili tatu za kifupi, kama sio mpwa wangu ningejua vipi? Wanatukopesha kwa Kiswahili, matangazo kwa redio ni Kiswahili kitamu cha pwani, meseji ya kudai ni Kiswahili, ikifika kwa karatasi ya kujitetea kinageuka Kiingereza.

Kwa wenzangu, mambo ya kulinda laini nitayasema haraka. Kama uko Safaricom bonyeza *100*100# ufunge laini yako isibadilishwe kadi na mtu mwingine huko nje, na ukipigiwa na anayejiita huduma kwa wateja akakuuliza namba ya siri au kitambulisho kata simu, wao wanapiga na 0722 000 000 pekee na namba ya siri hawaulizi. Wale wengine wanaopiga na namba za kawaida wakisema “mama tumekutumia pesa kimakosa” nafikiri tushawazoea, ingawa mwezi jana walimmaliza mwalimu mmoja hapa Mtwapa msomi kabisa.

Jumapili iliyopita nilienda kwa mama yangu mzazi Kaloleni. Ana miaka 71, simu yake ni ile ya tochi, anaitumia kupokea tu, kupiga anaazima mjukuu. Nikamwambia mama nipe simu yako nione kitu. Nikabonyeza *106#. Zikatoka laini tatu. Akaniuliza, “Ni nini, salio limeisha?” Nikamwambia hapana mama, una laini tatu. Akacheka sana, akasema hizo nyingine mbili nileteeni basi nizigawe. Dukani wanataka aje yeye mwenyewe ndo wazifunge, magoti yanamsumbua na matatu ya asubuhi inajaa, kwa hivyo Alhamisi nafunga duka naenda kumchukua na bodaboda polepole. Ripoti zake tatu mpwa wangu ameshaziomba, moja imekuja iko safi, mbili bado tunangoja.

Fundi wa Mtwapa,
Kilifi